Sarafu Moja ya Afrika Mashariki: Faida ya Msafiri, Hesabu ya Mkulima

  Leo tuzungumze pesa. Swali ni jepesi kulitamka: Mkenya akiiacha shilingi yake, Mtanzania na Mganda wakaacha zao, Mnyarwanda na Mrundi wakaacha faranga zao, sote tukatumia sarafu moja, mwananchi wa kawaida wa huku Mlima Kenya atapata nini? Na anayesafiri je?

Hii si ndoto ya mtu mmoja. Tarehe 30 Novemba 2013, mjini Kampala, wakuu wa Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda na Burundi walitia saini Itifaki ya Umoja wa Fedha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Walijipa miaka 10, sarafu iwe imeanza kufikia 2024. Mwaka huo ukaja ukapita, noti hatukuiona. Sasa tunaambiwa tuutazame mwaka 2031. Kwangu mimi kuchelewa huku ni bahati, maana tumepata muda wa kupiga hesabu ambayo wakati wa kutia saini hakuna aliyekuja kuipiga nasi hapa Nyeri.

Tuanze na msafiri, maana yeye ndiye anayesemewa sana katika jambo hili.

Kila mwaka, kuelekea tarehe 3 Juni, mahujaji Wakatoliki kutoka pande hizi hufunga safari kwenda Namugongo, Uganda. Tuseme mmoja wao ametoka Nyeri na shilingi 20,000 za Kenya. Anafika mpakani Busia au Malaba, anaambiwa shilingi yake moja inanunuliwa kwa shilingi 27 za Uganda. Anapewa 540,000. Sasa tuseme amefika, mwenyeji wake amemlisha na kumlaza, akarudi na pesa zote kama zilivyo. Mpakani anaambiwa, mama, wakati wa kununua shilingi ya Kenya bei ni 29. Atapata 18,620. Shilingi 1,380 zimekwenda, na hata chupa ya maji hakununua. Pesa hizo zimebaki kwa mbadilishaji, na huyo wala hajamwibia. Ndiyo biashara yake, ananunua kwa bei hii na kuuza kwa ile.

Mfanyabiashara wa soko la Karatina anayeagiza vitunguu au machungwa kutoka Tanzania hukatwa vivyo hivyo, tena kila mzigo. Akilipa kupitia Namanga anapambana na bei ya wabadilishaji. Akituma kwa simu kuna ada ya kutuma, na ndani yake kuna kiwango cha kubadilisha ambacho si kile alichokisikia kwenye taarifa ya habari. Mzazi mwenye mtoto anayesoma chuo kikuu Kampala anaijua hesabu hii kila muhula. Kwa hawa wote sarafu moja ingefuta gharama hiyo ya kubadilisha pesa mara moja, na nyanya ya Arusha na nyanya ya Kieni zingelinganishwa bei bila kalkuleta.

Kwa hivyo anayesema msafiri atanufaika anasema kweli. Mimi nabishana naye kuhusu ukubwa wa faida hiyo, na kuhusu njia nyingine za kuipata.

Tazama yaliyompunguzia msafiri mzigo katika miaka hii. Tangu Januari 2014, Mkenya, Mganda na Mnyarwanda wanavuka mipaka ya nchi hizo tatu kwa kitambulisho cha taifa. Kinyozi wa Karatina asiye na pasipoti anaweza kwenda Kigali. Hilo halikuhitaji sarafu mpya wala benki kuu mpya. Mwaka huohuo nchi hizohizo zilianzisha viza moja ya watalii, na bei yake ikawekwa dola 100 za Marekani. Ona basi: majirani watatu wameelewana kuhusu mlango mmoja, lakini kiingilio chake ni pesa ya mtu wa nne. Mtalii anayekuja kupanda Mlima Kenya kupitia Naro Moru au Sirimon naye huwekewa ada ya hifadhi kwa dola. Mtalii wa mbali, basi, sarafu yetu ya pamoja haitampunguzia kitu cha maana. Atakayeguswa ni yule anayesafiri kwa basi.

Na huyu wa basi, je, kinachomkwamisha ni noti tu? Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, malori yakalala mpakani. Julai 2025 Tanzania ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya biashara kadhaa ndogondogo: uwakala wa pesa za simu, kutengeneza simu, kuongoza watalii, kununua mazao shambani. Mchukue kijana wa Naro Moru anayeujua mlima huu njia kwa njia. Mpe sarafu moja inayokubalika Nanyuki na Moshi. Akifika Kilimanjaro bado haruhusiwi kuongoza watalii. Pesa yake imekubaliwa, yeye mwenyewe amekataliwa.

Hapo ndipo naanza kuwatilia shaka wanaotuambia sarafu ndiyo itakayotuunganisha.

Sasa tumgeukie asiyesafiri. Mkulima wa chai anayepeleka majani Chinga, Gathuthi au Ragati, na mkulima wa kahawa wa Tetu, Mukurwe-ini au Mathira, huenda hajawahi kushika pesa ya nchi nyingine maishani mwake. Lakini mapato yake yanazaliwa yakiwa dola. Mnada wa chai wa Mombasa, unaouza chai ya Kenya pamoja na ya majirani kama Uganda, Rwanda na Tanzania, huuza kwa dola. Soko la kahawa la Nairobi nalo huuza kwa dola kwa gunia la kilo 50. Shilingi huingia baadaye, pesa zinapoelekea kwa mkulima.

Hebu tuone maana yake. Januari 2024 dola moja ilifika karibu shilingi 160. Kufikia katikati ya mwaka huo ilikuwa imeshuka hadi kama 129. Tuseme gunia la kahawa limeuzwa dola 300. Kwa kiwango cha 160 ni shilingi 48,000. Kwa 129 ni 38,700. Tofauti ni shilingi 9,300 kwa gunia moja, kahawa ni ileile, mvua ni ileile, na mchumaji anadai malipo yaleyale. Bonasi ya chai ya 2025 iliposhuka na wakulima wakalalamika, kuimarika kwa shilingi kulitajwa na shirika la chai, KTDA, miongoni mwa sababu. Ni kweli shilingi ikiwa na nguvu petroli na mbolea hupata nafuu. Lakini karo ya shule haishuki, na mkulima wa Othaya anakutana na karo kila muhula.

Kiwango cha dola, kwa hivyo, ndicho mshahara wa mlima huu. Leo kiwango hicho kinavutwa na mambo ya Kenya: mauzo yetu nje, madeni yetu, watalii wetu, pesa wanazotuma ndugu zetu walio Marekani na Uingereza. Tukiingia sarafu moja, kitavutwa na mambo ya wote. Uganda ina mafuta ya Ziwa Albert, yanayotengenezewa bomba kutoka Hoima hadi Tanga. Tanzania ina dhahabu. Kongo, iliyojiunga na Jumuiya mwaka 2022, ina shaba na kobalti ya Kolwezi. Bei ya mafuta na madini ikipanda duniani, dola zitamiminika kwao na sarafu yetu ya pamoja itapata nguvu. Mchimbaji atafurahi. Mkulima wa chai wa Nyeri ataona bonasi inanywea mwaka ambao hakukosea kitu shambani, na benki kuu ya pamoja haitaweza kuishusha sarafu kwa ajili yake.

Kuna jirani mwingine wa kumfikiria, mkulima wa mpunga wa Mwea. Anashindana na mchele wa Tanzania. Shilingi ya Kenya ikilegea, mchele wa kutoka nje hupanda bei na pishori yake hupata pumzi. Ikiwa sarafu ni moja, pumzi hiyo haipo. Atakayezalisha kwa gharama ndogo ndiye atakayeuza. Mama wa Karatina anayenunua mchele kilo mbili atafurahia bei, na ana haki ya kufurahi. Mkulima wa Mwea naye ana haki ya kuuliza atafidiwa na nani.

Msikilizaji, haya hatuyabahatishi. Tuliwahi kuyaishi.

Kabla ya shilingi, nchi hii ilitumia rupia, kama India. Rupia moja ilikuwa shilingi moja na peni nne za Kiingereza. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia thamani yake ikapanda, na mwaka 1920 serikali ya Uingereza ikaikaza kwenye shilingi mbili za Kiingereza. Ikaja florini kwa muda mfupi, kisha shilingi ya Afrika Mashariki, iliyotolewa na Bodi ya Sarafu iliyokaa London. Yote hayo katika muda usiofika miaka mitatu.

Walowezi, wakiwemo askari waliogawiwa mashamba pande za Nanyuki baada ya vita, walilalamika kwamba rupia nzito imewapandishia gharama kwa nusu nzima, wakati bei ya mazao yao inaanguka. Wafanye nini? London ilikuwa imekaza sarafu na haitikisiki. Mwaka 1921 waajiri wakakata mishahara ya Waafrika kwa thuluthi moja. Fanya hesabu: kitu kilichopanda kwa nusu, ukikipunguza thuluthi kinarudi pale kilipokuwa. Mabadiliko yaliyofanywa London yalirekebishwa kwa mshahara wa kibarua. Kodi ya kichwa na nyumba nayo ilikuwa imepandishwa, ikafika shilingi 16 kabla ya kupunguzwa. Harry Thuku, aliyekuwa mpokea simu katika Hazina ya Nairobi, akaongoza Chama cha Vijana wa Kikuyu kupinga makato hayo, kodi na kipande, kile kitambulisho cha lazima cha kibarua. Alikamatwa Machi 1922. Umati uliokuja kudai aachiliwe ukapigwa risasi, watu zaidi ya 20 wakauawa, Muthoni Nyanjiru wa Murang'a akiwa mmoja wao.

Fundisho la miaka hiyo ni hili: sarafu isipoweza kupindika, kitakachopindishwa ni mshahara. Na halijachakaa. Ugiriki ilipozama katika madeni tangu 2010 ikiwa ndani ya yuro, haikuwa na sarafu yake ya kushusha. Ilikata mishahara ya watumishi na pensheni za wazee, na zaidi ya robo ya nguvukazi yake ikakosa ajira. Hata hivyo Wagiriki hawakutoka kwenye yuro. Waliona kutoka kungewagharimu zaidi. Ukishaingia, mlango wa kutokea ni mwembamba.

Wazee watasema, lakini hiyo shilingi ya pamoja ilitufaa. Na wana haki. Kijana wa Othaya, Mwai Kibaki, alipokwenda kusoma uchumi Makerere miaka ya 1950, alitumia Kampala pesa ileile aliyotoka nayo nyumbani. Ndururu, ile sarafu ndogo yenye tundu katikati, ilikubalika Nyeri, Jinja na Tabora, na tangu 1936 ilikubalika hadi Unguja. Mbona ikavunjika? Kwa sababu shilingi hiyo ilitegemea zaidi akiba iliyowekwa London kwa pauni, na serikali changa za uhuru zilitaka benki zao ziweze kukopesha maendeleo nyumbani. Tena Tanzania na Uganda ziliona viwanda vinarundikana Kenya. Mwaka 1966 kila nchi ikatoa yake: Tanzania mwezi Juni, Uganda Agosti, Kenya tarehe 14 Septemba. Jumuiya ya awali ilipovunjika mwaka 1977, Waziri wa Fedha wa Kenya alikuwa Kibaki yuleyule. Na Novemba 2009, akiwa Rais, aliketi Arusha kutia saini Itifaki ya Soko la Pamoja. Maisha ya mtu mmoja yalitosha kuiona pesa moja, kuona zikitengana, na kuona safari ya kuziunganisha ikianza upya.

Nikiishia hapo nitakuwa nimemwonea mwenye hoja ya upande wa pili. Ana hoja moja nzito, nayo ni kwamba shilingi ya taifa haikuwa rafiki yetu siku zote. Aliyekuwa na akiba benki mwaka 1993 anakumbuka. Baada ya uchaguzi wa 1992 na kashfa ya Goldenberg, pesa zilifurika sokoni na bei zikapanda kwa asilimia 46 hivi katika mwaka mmoja. Mwalimu aliyekuwa akiweka pesa za kujenga nyumba Mweiga aliona mabati yakimkimbia. Uganda mwaka 1987 walikatiwa sufuri mbili kwenye noti na juu yake wakatozwa asilimia 30. Benki kuu inayomilikiwa na nchi zote nane za Jumuiya ya leo ni vigumu kuamriwa na ikulu moja ichapishe pesa za kampeni. Hilo ni jema, na linamfaa maskini kuliko tajiri, maana tajiri huficha mali yake katika ardhi na dola.

Lakini ngao hiyo ina bei, na bei yenyewe inalipwa kabla ya kuingia. Itifaki inataka kila nchi itimize masharti miaka mitatu mfululizo: mfumuko wa bei usizidi asilimia 8, nakisi ya bajeti isizidi asilimia 3 ya pato la taifa, deni lisizidi asilimia 50 kwa thamani ya sasa, na akiba ya fedha za kigeni itoshe miezi minne na nusu ya kuagiza bidhaa. Mfumuko tunaudhibiti vizuri siku hizi. Kwa deni na nakisi tumeshindwa. Kuyafikia masharti hayo ni kwa njia mbili tu, serikali itumie kidogo au itoze zaidi. Tuliona Juni 2024 jinsi Mswada wa Fedha ulivyojaza vijana barabarani, Nyeri na Nanyuki zikiwemo, hadi ukaondolewa. Anayeahidi sarafu moja mwaka 2031 atuambie ni kodi gani au matumizi gani yatatufikisha huko.

Na si Kenya peke yake. Miongoni mwa wanachama wenzetu, Sudan Kusini na Burundi zimepambana na mfumuko mkali wa bei. Kule Kongo na Somalia, wananchi wengi wanafanya biashara kwa dola zaidi ya pesa zao wenyewe. Kuwafunga wote hawa na sisi kwa kamba moja kabla hawajasimama ni kuwaumiza wao na kutuumiza sisi.

Msimamo wangu basi ni huu. Sarafu moja nzuri ni ile inayokuja mwisho, baada ya kazi nyingine kufanyika. Msafiri na mfanyabiashara mdogo wanaweza kupata sehemu kubwa ya faida yao hata kabla ya mwaka kwisha, kila mtu akiwa na shilingi yake. Nchi zikubaliane kwamba kutuma pesa kwa simu kutoka Karatina hadi Arusha kusigharimu zaidi ya kutuma Karatina hadi Mombasa. Kila kampuni ionyeshe kiwango chake cha kubadilisha kwenye skrini, kabla mteja hajabonyeza kukubali. Kitambulisho kifungue mipaka yote ya Jumuiya. Amri za ghafla za kuzuia mahindi, vitunguu na waongoza watalii zikome, Kenya ikianza kwa mfano. Hayo yakikaa miaka mitano bila kuvunjwa, nitaamini kwamba serikali hizi zinaweza kutunza pesa moja. Serikali zisizoaminiana kuhusu gunia la mahindi zitaaminiana vipi kuhusu mtambo wa kuchapisha noti?

Na siku ya kuingia ikifika, pawe na mfuko wa fidia ulioandikwa kwenye sheria, wa kumshika mkulima wa chai, kahawa na mpunga miaka ile ambayo nguvu ya sarafu itatoka Hoima au Kolwezi na maumivu yatakuja Mukurwe-ini. Bila mfuko huo, tutarudia 1921 tukiwa na bendera zetu wenyewe.

Msikilizaji, Kenya ina wabunge tisa katika Bunge la Afrika Mashariki, Arusha. Hukuwapigia kura wewe, walichaguliwa na Bunge letu la Nairobi. Lakini anayechagua Bunge hilo ni wewe, na Agosti 2027 wanaotaka kuingia humo wataomba kura yako pale sokoni Karatina, Chaka na Kerugoya. Wakifika, waulize maswali mawili. Sarafu moja ikija, kiwango cha dola cha kahawa yangu kitaamuliwa na nani? Na mwaka ambao kitaniumiza, atakayenilipa ni nani? Asiyeweza kujibu hayo mawili usimpe idhini ya kubadilisha pesa yako.